Betri za Mchuuzi wa Vitenge

Jana simu ya mjukuu wangu ilipata moto kwenye chaji, na ile harufu ikanirudisha Makambako, jikoni kwa shangazi.

Shida ilinianza nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, nikaachia shule darasa la pili, nikaenda kusaidia kupikia wageni kwenye gesti ya shangazi. Mgeni mmoja alikuwa mchuuzi wa vitenge, mtu wa Tanga, aliyezunguka Njombe hadi Songea na redio ndogo yenye mfuko wa ngozi. Mama yake alikuwa mahututi, na habari za nyumbani alizipata kwa matangazo ya vifo ya redioni tu. Mama akitajwa, anarudi. Asipotajwa, anaendelea na biashara.

Jioni moja betri zilimwishia. Madukani zimeadimika, na tangu asubuhi ukungu umefunika jua la kuzianikia. Mimi nikazipanga kwenye jivu la moto, zipate joto na nguvu kidogo.

"We mtoto, zitapasuka!" shangazi akafoka.

"Mwache, dada," mgeni akasema. "Bora zipasuke kuliko nilale sijui."

Zilinuka lami na chuma, lakini redio ikaongea. Tulisikiliza majina yote tumesimama. Mama yake hakutajwa.

"Yu hai, alhamdulillahi!" Akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Binti, una akili wewe."

Shuleni hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Tangu siku ile nikawa nawapashia wasafiri betri kwa malipo, na hapo ndipo mtaji wangu ulipoanzia.

Leo nina gesti ya vyumba kumi na viwili hapa Njombe, Fuso mbili, shamba la parachichi na duka la simu. Cheti sina hata kimoja.