Siku Tulipokalia Magunia

Enzi zetu, na nyie wa rika langu ni mashahidi, mtoto alishika jembe kabla ya kalamu. Juzi kijana wangu wa sekondari, simu mkononi, ananiuliza: "Mama, hivi wale walowezi wa Marekani walimwasi mfalme wao wenyewe kwa nini? Si walikuwa ndugu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanangu, mama yako aliwahi kuasi, tena akiwa darasa la tatu!

Kitongoji chetu kilikuwa mbele ya kijiji cha Mwamkulu, mbali na barabara. Shule yetu ilikuwa shikizi, yaani tawi tu: madarasa mawili ya nyasi na mwalimu mmoja wa kujitolea. Mwalimu mkuu alikaa shule mama, ng'ambo ya mto, na hatukuwahi kumwona. Tulizijua amri zake tu. Leteni kuni. Leteni fagio. Limeni shamba la shule. Nasi tulilima, jamani! Umande unatulowesha magoti, udongo unanukia mvua, tunaimba za Kisukuma na za Kirundi mpaka wazazi walioko mashambani wanaitikia. Mchana tunacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, njaa zetu tumboni.

Mahindi yakishavunwa, viranja wa shule mama wanakuja na baiskeli, wanabeba. Kule watoto wanakunywa uji saa nne. Sisi tuliolima tunaangalia vumbi la baiskeli. Mwalimu wetu akiomba tubakiziwe walau kidogo, anajibiwa: subirini, mkuu ataamua.

Mwaka ule Kulwa, mtoto wa darasa la kwanza, akaanguka mstarini kwa njaa. Ndipo rafiki yangu Nyamizi, binti wa wafugaji, umbo dogo mdomo mkali, akasema: "Safari hii habebi mtu." Viranja walipofika walitukuta tumekalia magunia. Wakatubembeleza, wakatutisha, wakatuita wahuni. Wapi! Wakageuza baiskeli tupu.

Kesho yake mkuu akaja mwenyewe, suruali imelowa maji ya mto.

"Nani kawafundisha kiburi?"

Nyamizi akasimama. "Shikamoo, mwalimu. Tunaomba kuuliza, sisi ni wanafunzi wako au vibarua wako?"

Tulichapwa mstari mzima, na fimbo ya mkuu yule, acha tu! Alipomaliza akaingia darasani, akatazama paa linaloonyesha mawingu, akamtazama Kulwa na mbavu zake. Akaondoka, na mahindi yakabaki.

Hivyo ndivyo watu wanavyoasi. Si lazima wamchukie mkubwa wao. Wanachoka kulima wasichokula, huku wanaamuliwa mambo na mtu asiyewahi kukanyaga tope lao. Hilo sikulisoma popote, nililikalia mwenyewe, na mpaka leo najivunia.

Siku hizi shule ile ina bati na mkuu wake. Wanangu wakionewa wanalalamika kwenye grupu la wasapu, wanaweka vikatuni vya kulia, wanalala. Nawahurumia kidogo, maana hawajui raha tuliyoipata jioni ile. Mama zetu walitwanga, tukakoroga uji hauna hata sukari, tukaunywa tumesimama kwa sababu makalio yalikuwa yanawaka moto. Na Kulwa, ambaye hakuwahi kuomba kitu pale shuleni, alinyoosha kikombe akaomba aongezwe. Akaongezwa.