Bakuli Lililorudi Limejaa

Mwanangu, kuna siku moja ambayo bado inanichoma nikiikumbuka, na afadhali uisikie kwangu kabla majirani hawajakusimulia. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, nimetoka kwetu Kagio nikaja huku Nyeri kwa mume wangu Mwangi, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mrembo na mjeuri. Urembo umekwisha.

Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Maitu, hakuwa akila chakula changu. Nikipika githeri, yale mahindi na maharagwe, anaonja vijiko viwili, anashushia maji, anagusa kifua, kisha bakuli linarudi jikoni limejaa. Uji alikunywa. Chai alikunywa. Lakini nyama, chapati, viazi, hapana. "Nimeshiba, mwari," yaani binti yangu, ndilo lililokuwa neno lake kila siku. Na kwetu, mama mkwe akikataa chakula cha mke wa mwanawe, watu hawaulizi kwa nini, wanajua hamtaki mke huyo. Mimi pia sikuuliza. Nilinuna miezi mitano. Nilimwona akikonda, nguo zinampwaya, nikajiambia huyu mama yuko tayari kufa njaa kuliko kula kutoka mikononi mwangu!

Basi wazazi wangu walipokuja kututembelea, nikapanga kumkomesha. Mbuzi alichinjwa. Nikachagua kipande kizuri cha nyama, nikampelekea Maitu mbele ya wageni wote, nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili. Kukataa hapo kungekuwa kuwatukana wazazi wangu, nami nilijua hivyo. Maitu aliniangalia kidogo, kisha akala.

Alitafuna muda mrefu, akameza, akainuka polepole, akatoka nje. Nikamfuata, nikiwa na hakika anaenda kumtupia mbwa nyama yangu iliyobaki. Nilimkuta ameinama kwenye mibuni, ameshika shina, mate yanamtiririka. Alikuwa akipumua, ila hata mate yake mwenyewe hayakushuka. Nikamshikilia mabega mpaka ile nyama ikarudi juu.

"Si mimi nakataa chakula yako," aliniambia alipopata sauti. "Ni hii koo. Chakula inashika hapa, kwa kifua. Sasa ni miezi mingi."

"Na mbona hukusema, Maitu?"

"Ndugu yangu alianza tu hivi. Akaenda hospitali, akarudi kwa sanduku. Na wewe, mbona hukuuliza?"

Nilimfuta mdomo kwa leso yangu, nikamrudisha ndani.

Kesho yake mimi na Mwangi tulimpeleka hospitali mjini. Alinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama chokaa, akapigwa picha ikishuka. Daktari akatuonyesha mahali njia ya chakula ilipobana ikabaki nyembamba kama uzi. Akamuuliza kama huwa na kiungulia. Maitu akacheka. Kiungulia alikuwa nacho tangu Mwangi akiwa mtoto, na dawa yake ilikuwa kulamba magadi na kwenda kulala! Daktari akaeleza kwamba asidi ya tumbo ikipanda miaka na miaka huunguza njia ile na kuacha kovu, na kovu ndilo hubana. Akasema pia kwamba uvimbe mbaya huanza na dalili hizohizo, na picha peke yake haitoshi kujua. Tukatumwa Nairobi, akachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya njia ile kikapimwe. Siku zile za kungoja majibu, chakula kilinishinda hata mimi niliye na koo zima.

Lilikuwa kovu. Walipanua njia ile polepole kwa mpira wa hospitali, na ilibidi arudi mara kadhaa. Akaambiwa alale kichwa kikiwa juu, asile wakati wa kulala umekaribia, na chai aiache ipoe kwanza. Aliporudi nyumbani nilimpikia githeri, nikaichemsha mpaka mahindi yakapasuka. Alikula taratibu, bila haraka yoyote. Bakuli likarudi tupu, nami nikajificha jikoni nikalia.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu wako akianza kusukuma nyama pembeni, akishushia kila tonge kwa maji, akikonda, akisema chakula kinamkwama, usinune. Muulize. Kisha mpeleke kwa daktari wiki hiyohiyo, maana kama ni uvimbe, hautakungoja umalize kununa. Usimlazimishe mtu kula ili upime kama anakupenda. Na ikiwa koo ni lako, sema, hata kama ni mbele ya wakwe. Kiungulia cha kila siku nacho usikizoee.

Mungu akulinde, chakula kikushukie vyema hadi uzeeni, na siku kitakapogoma, akupe mtu wa kukuuliza mapema kuliko nilivyouliza mimi.