Korongo Waliloliacha Tupu

Wifi yangu Penina si mtu wa kusifiwa hovyo, na mimi Edina si mtu wa kusifu, kwa hiyo nitayasema kama yalivyo. Ni mjane wa kaka yangu Sila. Anaishi hapa kijijini kwetu, mlimani juu ya Gulwe, analima uwele, anachuma mlenda wa porini na kuuanika. Watoto wengine aliwazika. Alibakiwa na Joel, naye Joel alikuwa Chemba akihangaika minadani, akiswaga ng'ombe wa watu. Kila Penina alipopiga magoti kanisani ombi lilikuwa lile lile: mwanangu arudi nyumbani.

Msitu wetu una korongo upande wa machweo, na ndani yake kuna chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikali. Ile ni siri ya wanawake. Mgeni hatumwambii, na msiniulize tuna roho mbaya gani. Miaka ya nyuma kijiji jirani walifungiwa msitu wao, wanawake wakanyang'anywa mizigo ya kuni, wengine wakalala mahabusu kwa sababu ya uyoga. Tangu hapo tukajifunza. Akija mtu wa ofisi kuuliza porini mnapata nini, jibu ni kuni, basi.

Ndipo akaja Yasinta, dada wa ofisi kutoka Dodoma mjini, anakaa Area D, mpole, anaamkia shikamoo hata wasiostahili. Alitaka tuchore ramani ya faida za msitu. Tuliichorea chini, uwanjani pa ofisi ya kijiji: majivu ndiyo mto, punje za mahindi kuni, mbegu za ukwaju dawa, kunde mizinga ya nyuki. Akatueleza kwamba faida si zile za kubeba kichwani tu. Kuna udongo usiosombwa na mvua, kuna kivuli cha mifugo, kuna mahali pa matambiko, kuna hata mahali mtu anapokwenda kulia peke yake.

"Wekeni vyote," akasema, "na mniambie nani anapata na nani anakosa."

Tukaweka. Ramani ilipendeza, sikatai. Korongo peke yake likabaki tupu.

"Na hapa je, mama?" akamuuliza Penina, maana ndiye tuliyemtanguliza kusema.

"Hapo hamna kitu. Miba tu."

Yasinta akauliza tena, taratibu. Penina akatikisa kichwa, sisi wengine tukatazama chini. Tulijiona wajanja kweli.

Kumbe mpango wa ardhi wa kijiji ulikuwa unategemea ramani ile. Palipojaa mbegu patahifadhiwa. Palipo patupu watagawiwa vijana wasio na mashamba, wafyeke walime. Joel akasikia huko Chemba, akarudi, akaandikiwa kipande pale pale, juu kidogo ya chemchemi. Akaanza kufyatua matofali ya nyumba yake uani kwa mama yake, akiimba. Penina badala ya kufurahi akapoteza hamu ya kula. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba maji yale yanaishi kwa miti ile. Upande wa pili wa mlima palikuwa na chemchemi nyingine. Miti ilipofyekwa ikawa tope, kisha vumbi.

Akamwambia Joel habari ya maji yale, wakati Joel ananoa panga. Nilikuwepo.

"Mama, wewe mwenyewe ulisema hamna kitu."

"Nilisema."

"Basi kaa kimya. Au unataka nikazeekee kwenye ng'ombe wa watu?"

Joel akachukua panga lake akatoka. Tulipobaki wawili nilimwambia anyamaze, na nilimaanisha. Maji tungetafuta kwingine, lakini Joel ni mmoja. "Wifi," akasema, "kwingine wapi?" Nikaondoka kwa hasira.

Siku ya mkutano wa kijiji wa kupitisha mpango, mwenyekiti, Mzee Batholomeo, akauliza kama kuna mwenye neno. Penina akasimama. Akakaza khanga kiunoni.

"Ramani ile ina uongo, na uongo niliusema mimi. Korongoni pana maji. Kiangazi kijiji kizima kinayanywa, na ninyi wanaume mnayanywa bila kuuliza yametoka wapi. Mkifyeka pale, tutahama wote."

Wanawake wakaguna. Wengine walisema ametuuza, na mpaka leo wapo wasiomsalimia.

"Mficha uchi hazai, mama," akasema mwenyekiti. "Mngesema mapema."

"Mngetufungia."

Yasinta akaomba nafasi. Hakuja juu. Alisema angekuwa yeye, naye angeficha, na kwamba sasa iandikwe wazi kuwa korongo linahifadhiwa na wanawake wanaingia kuchota bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ikaandikwa. Vipande vya korongoni vikafutwa, na cha Joel kikiwemo. Ardhi nyingine ya kugawa haikuwepo.

Joel aliondoka asubuhi iliyofuata. Mimi aliniambia, "Shikamoo, shangazi." Mama yake hakumwamkia, akampita mlangoni kama anapita kigogo. Matofali yake mvua imeyala uani, na Penina hataki mtu ayaguse. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi shangazi tu, na nimelia.

Maji yapo. Kiangazi hiki vijiji vya bondeni wamekuja kuchota kwetu. Joel alipokuwa nyumbani, Penina alikuwa akimchotea ndoo yake ya kuoga, ya pili baada ya ile ya kupikia. Mpaka sasa, kila jioni namwona anapanda na ya kwanza, anaitua, anarudi tena korongoni. Juzi uvumilivu ukanishinda.

"Wifi, hiyo ya pili ni ya nani?"

Akaitua mlangoni, akaifunika kwa sinia.

"Huenda yuko njiani," akasema.