Dume la Biringanya

Mtaani walimwita Mama Vidudu, naye hakuwahi kukasirika, maana jina lilimkaa. Alifanya kazi katika chumba cha wadudu cha kituo cha kilimo: chumba kirefu chenye harufu ya dawa ya nondo, makabati ya droo hadi darini, na hadubini moja ambayo kiti chake kilishachukua umbo lake. Wakulima walileta vidudu kwenye chupa na bahasha, yeye akaviangalia na kusema ni nani na nani. Aliowapenda kupita wote ni wale wanaoitwa viroboto vya mboga. Si viroboto hasa. Ni mbawakavu wadogo kama mbegu ya ufuta, wenye mapaja manene ya nyuma, wanaotoboa majani vitundu vitundu na kuruka ukiwasogezea kidole. Wengine huona vumbi lenye miguu. Yeye aliwajua wote wa eneo lile kwa rangi ya vipapasio, kwa safu za vitundu mgongoni, na mara nyingine kwa jinsi mdudu alivyoruka, ingawa hilo la mwisho hakulisema mbele ya mkuu wake.

Lakini moyo wake ulikuwa na kiu moja. Kila mdudu wa droo hukaa kwenye sindano, na chini yake huchomekwa vikaratasi viwili vidogo kama ukucha. Cha juu kina jina la aliyemkamata, cha chini jina la aliyemtambua. Huko chini jina lake lilijaa droo kwa droo. Huko juu, kwa aina ambayo kituo hakikuwa nayo, halikuwahi kuandikwa hata mara moja. Alilitaka jambo hilo kama mtoto anavyotaka baiskeli, na wala hakuona haya.

Bahati nayo haina adabu, haibishi hodi mlangoni. Ilimjia nyuma ya nyumba, kwenye biringanya za mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke aliyetawala wodi nzima kwa kukohoa tu. Biringanya zile ndizo zilizokuwa wodi yake mpya, na majani yake sasa yalikuwa yametobolewa kama chujio. Mama Vidudu alipoinama kuyatazama, aliona kidudu cha rangi ya shaba, vipapasio vya manjano mwanzoni na vyeusi mwishoni, na shingoni mfereji mwembamba ambao hakuwahi kuuona katika droo yoyote. Aliinuka akiwa na tope magotini, akamkumbatia mume wake, fundi cherehani, hata futi ya kupimia ikamning'inia fundi sikioni.

Tatizo likawa moja. Wote aliowakamata walikuwa majike, na majike wa vidudu hivi hufanana kama mayai ya kuku mmoja. Neno la mwisho liko kwa dume. Jioni ile, mezani, alilieleza hilo kwa furaha kuliko busara.

"Lazima nipate dume, mama, nimpasue nitazame sehemu zake za siri. Kila aina ina za kwake."

Mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii tunaaga asubuhi, unapiga pasi gauni, unakwenda kutazama uchi wa vidudu."

"Kwa hadubini, mama."

"Afadhali hiyo hadubini. Mimi Jumamosi nang'oa biringanya zote na kuzichoma. Mkitaka dume mtafute kabla ya hapo."

Fundi alicheka hadi akapaliwa na maji, akapigwa mgongoni na mama yake kwa nguvu za kikazi.

Wiki hiyo Mama Vidudu aliamka na biringanya na kulala na biringanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hasa. Alitumia chupa ya kunyonyea, yaani kichupa chenye mipira miwili kama mirija: mrefu unamwelekezea mdudu, mfupi unatia mdomoni na kuvuta pumzi, na mdudu anaingia chupani. Ule mfupi una kipande cha chandarua ndani, ili kinachovutwa kisiende mbali kuliko kilivyokusudiwa. Ni chombo rahisi. Hata hivyo kila asubuhi lenzi yake ilimwonyesha yaleyale: jike, jike, jike tena. Alianza kuwasalimia, "Shikamooni mabibi," na kuwaachia.

Jumamosi mama mkwe alitoka na jembe begani. Alikuta mkamwana wake amelala kifudifudi kati ya matuta, nyayo zikiwa juu hewani.

"Toka hapo nifanye kazi."

"Subiri kidogo, mama. Nimempata."

Alikuwa amempata kweli. Mdudu alikuwa ndani ya kichupa, na chini ya lenzi miguu yake ya mbele ilikuwa na kiungo cha kwanza kipana, alama ya dume. Mama Vidudu alihisi kichwa kikiwa chepesi. Aliona tayari kikaratasi cha juu, aliona jina lake. Na kwa vile mwenye furaha huona mawili yatapatikana palipopatikana moja, alimwona mwingine kwenye jani la pembeni, akainua chupa haraka, akatia mpira mdomoni na kuvuta kwa pumzi zote.

Alikuwa ametia mdomoni ule mrefu.

Kitu kilimgonga kooni, kikateleza. Akatazama chupa. Ilikuwa tupu, na yule wa kwenye jani alisharuka.

"Nini tena?" mama mkwe akauliza.

"Nimemmeza."

"Umemmeza nani?"

"Dume."

Iliuma, usidhani haikuuma, machozi yalimjaa. Lakini kabla hayajadondoka alisikia sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miaka. Mama mkwe alikuwa akicheka. Alicheka akiegemea jembe, kisha jembe likamtoka, akakaa chini kwenye tuta na gauni lake safi, na Mama Vidudu naye akashindwa, wakacheka wote wawili hata jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kama ni msiba.

Mama mkwe alijifuta macho. Alilitazama jembe, akalisukuma kando kwa mguu.

"Lete hiyo chupa. Na uniambie kabisa mpira upi ni upi."

Alipiga magoti kati ya biringanya alizokuja kuzichoma. Mkono wake, uliotafuta mishipa ya wagonjwa maisha yote, haukutikisika. Jua lilipoanza kuchoma alivuta pumzi moja fupi, akamnyooshea mkamwana chupa. Lenzi ikasema ni dume.

Jumatatu mkuu wa chumba alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akafungua droo, akafunga, akafungua tena. "Huyu hatuna," akasema, akampa mkono.

Mama Vidudu akachukua kalamu nyembamba. Sheria ya chumba hakuna aliyeijua kuliko yeye: juu huandikwa aliyekamata. Kalamu ilisita kidogo, kisha ikaandika jina la mama mkwe. Chini akaandika lake.

Jioni alimweleza mama mkwe. Huyo alikuwa akimwagilia biringanya zake zenye vitundu, akakisikiliza kisa chote.

"Yaani jina langu liko juu ya lako."

"Ndiyo, mama."

"Hata kwenye sindano."

"Hata kwenye sindano."

Mama mkwe akamalizia kumwagilia tuta zima. Halafu akatua ndoo.

"Kesho niamshe mapema," akasema. "Tukamtafute wako."