Jicho Lililobaki la Agustino Hhando

Agustino Hhando, mtengeneza pinde wa hapa kwetu Tlawi, ana jicho moja. La kushoto alilipoteza miaka tisa iliyopita, siku upinde ulipomkatikia mikononi akiujaribu. Tangu hapo kila upinde mpya unamtetemesha, na bado ana sharti lake: hauondoki uani kwake kabla yeye mwenyewe hajauvuta mpaka mkono ufike sikioni. Mimi Baltazar, jirani yake, nimemtania miaka yote kwamba anavuta upinde kama mtu anayeng'olewa jino. Siku hizi simtanii tena.

Mwezi wa nne alikuwa akinyoosha upinde wa mkwewe Sulle, wa Masakta, ambaye nguruwe pori walikuwa wanammalizia mahindi. Kazi yenyewe inataka utulivu. Fimbo ya mti wa mkole hupakwa mafuta ya kondoo na kuzungushwa juu ya makaa mpaka ilainike, kisha hubanwa kwenye panda ya mti na kukandamizwa pale ilipopinda, hadi ipoe. Ukiiachia mapema, inarudi ilivyokuwa. Ukiichelewesha motoni, inakauka ndani na kuvunjika kama biskuti.

Mimi ndiye niliyemchelewesha. Nilikuja na habari za ng'ombe wangu aliyetafuna mfuko mtupu wa saruji, nikamchekesha mpaka akasahau kuzungusha. Harufu ya kuungua ikatufikia wote wawili kwa pamoja. Upande wa ndani palikuwa na doa jeusi, urefu wa kidole. Agustino alilikwangua kwa kisu, akalipaka mafuta mengi, halafu akanitazama. Sikusema neno, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Siku nne baadaye Sulle akaja kuuchukua, pamoja na mke wake Oliva, binti wa Agustino. Akaamkia, akaketi, akauliza kama upinde umejaribiwa. Agustino akamjibu umeshajaribiwa. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, na nilijua hajauvuta hata mara moja tangu aufunge kamba. Alikuwa anaogopa. Mimi pia niliogopa, ila woga wangu ulikuwa rahisi, maana macho yangu hayakuwa hatarini.

Sulle akasimama, akaushika, akaanza kuuvuta polepole. Mkono wake ulipofika kidevuni, Agustino akaruka akaukamata.

"Uache. Niliuunguza, na sijaujaribu. Nimekudanganya."

Sulle aliugeuza upinde huku na huku, akasema haoni kitu, na jioni hiyo lazima awe shambani kwake. Fimbo nyingine kavu haikuwepo. Oliva akamwomba baba yake autie motoni, yaishe. Agustino akauchukua upinde mikononi mwa Sulle.

"Nauvuta mimi kwanza," akasema. "Upinde ukishika bila kukatika, utaondoka nao. Kaa chini, mwanangu."

Sulle akaketi. Mzee akainua upinde, akageuza uso kulia ili jicho bovu libaki upande wa upinde, na jicho zima akalifumba. Akavuta. Mkono ukafika kidevuni, upinde ukashika. Ukafika shavuni, ukashika. Nikaanza kupumua. Kabla mkono haujafika sikioni upinde ukakatika pale pale penye doa, na kipande kikampiga kwenye jicho lisiloona.

Oliva alimkimbilia na kitenge chake, akakikandamiza pale damu ilipokuwa inatoka. Agustino alikaa chini kwanza. Alichukua muda mrefu kulifumbua lile jicho zima, kana kwamba hataki kujua. Alipolifumbua akanitazama mimi, akasema ananiona.

Nikamgeukia Sulle. Alikuwa bado ameketi mahali alipoambiwa akae, kiganja chake kimefunika jicho lake la kushoto.