Mbu Asiyeshiba wa Kibamba

Sikuondoka Mbagala kwenda kutembea. Binti yangu Somoe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ametoka kulazwa kwa malaria, nami niliamini dawa yake ninayo mwilini. Tangu ujana wangu wa kuchonga vinyago nimelala bila chandarua makusudi: mbu wakishiba kwangu, watoto husalimika. Ndivyo nilivyowalea.

Saa mbili asubuhi nilishika njia. Mbezi niliteremka kwenye basi, nikapanda bajaji.

"Shikamoo babu. Mgongo huo utaliweza vumbi la huku?" akauliza dereva.

"Marahaba. Mgongo ni wangu, bajaji ni yako. Angalia kilicho chako."

Alicheka hadi Kibamba, anakokaa Somoe.

Adhuhuri Somoe alinikaribisha kwa wali wa nazi, ingawa yeye mwenyewe alikula matonge mawili tu. Alasiri mumewe, Hamisi, alikuwa akijiandaa kwenda zamu ya usiku mahali wanapofuga mbu ili kuwachunguza. Nikamwambia kwamba anayefuga mbu ni mtu aliyekosa mbuzi. Akainamisha kichwa, akaondoka.

Magharibi Somoe alikitoa chandarua kitandani kwake, akakifunga juu ya godoro langu sebuleni.

"Kirudishe," nikasema. "Chakula chao leo ni mimi."

"Lakini baba..."

"Nimesema."

Nililala nikijivunia kila nilipoumwa.

Alfajiri nilikikuta chandarua kimekunjwa juu ya kiti, na mikono ya Somoe imejaa vipele.

"Nitalalaje ndani ya chandarua na baba yangu yuko wazi?" akasema.

Hamisi aliingia, akaona kiti, akaona mikono ya mkewe. Kwetu mkwe hamkosoi baba wa mke uso kwa uso; kwa hiyo aliwageukia kuku mlangoni.

"Nyie kuku, sikilizeni. Mbu mzima akishiba, hupumzika. Lakini aliyebeba malaria, vijidudu vikikomaa huingia kwenye mate yake, na mate yakiharibika, damu haimjii vizuri. Huchoma, hukosa, hutoka, huenda kwa mwingine. Usiku mmoja huweza kupita kwa watu kadhaa. Anayehangaika kuuma ndiye wa kuogopwa."

"Kuku wamesikia?" Somoe akauliza, akizuia kicheko.

Nilielewa upesi. Patasi butu haitoboi mpingo kwa pigo moja. Hugonga hapa, hugonga pale, ikaharibu gogo zima. Mbu niliyejidai kumshibisha huenda alianzia kwangu, akamalizia kwa binti yangu.

Nikautazama ukuta. "Mwambieni mwalimu wa kuku kwamba jogoo mzee naye amesikia."

Saa tatu nilinunua chandarua cha pili. Zahanati walisema malaria ya usiku ule, kama ipo, haiwezi kuonekana mapema. Somoe arudi baada ya wiki mbili, au mara tu akipata homa. Nilikataa kuondoka. Kila jioni niliingia kwenye changu kwanza, ili naye aingie kwenye chake. Wiki mbili zilipotimia alipimwa, akaonekana salama. Siku hiyo alimaliza sahani, akaomba nyongeza.

Kesho yake nilirejea Mbagala. Njia nzima niliwakumbuka watoto wangu sita walivyokuwa wakilala kunizunguka, nami nikijiona ngao yao. Aliyeugua kila masika alikuwa mmoja, Somoe. Mkeka wake ndio uliokuwa karibu zaidi na wangu.