Naoga Mara Tatu kwa Siku: Safari Yangu ya Kisiwa cha Kati

Nilifika Kisiwa cha Kati kwa kalamu kabla ya kufika kwa miguu. Ilikuwa kwenye mtihani wa jiografia, mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya jioni hapa Lodwar, tulipoambiwa tueleze kisiwa chochote tunachokijua. Wenzangu waliandika Lamu na Zanzibar. Mimi niliandika kwamba nimekizunguka chote kile kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Turkana, nimehesabu mamba mpaka vidole vikaisha, na nimelala chini ya minazi yake nikisikiliza mawimbi. Mwalimu Akiru, mama mpole anayevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, alinipa alama nyingi kuliko darasa zima. Ukweli ni kwamba nilikuwa kinyozi ambaye hajawahi kukanyaga boti.

Cheti kilipotoka, mwalimu alikuja kibandani kwangu, akangoja nimalize kichwa cha mteja, kisha akasema, "Ekiru, likizo hii nipeleke kwenye kisiwa chako. Wewe si mwenyeji?"

Ningesema nini? Nikasema twende.

Bahati, nina mteja anayeitwa Ebenyo, nahodha wa Longech, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, ambaye huja Lodwar kuuza samaki wakavu na kunyolewa kipara. Nilipomweleza kwamba mfuko wangu ni mwepesi, aliniambia hivi: "Kuna mama huko Kakuma ananishonea tanga. Niletee hiyo tanga, mimi nitawapeleka kwa mafuta tu. Kwenda tunaenda na injini, kurudi tunarudi na upepo. Upepo hainunuliwi petroli."

Ijumaa, saa nne asubuhi, Kakuma. Jua la Kakuma siku hiyo lingeweza kuchemsha chai ikiwa bado kwenye duka. Nilimkuta Mama Divine, fundi cherehani kutoka Burundi, ameketi juu ya tanga lenyewe kama kuku juu ya mayai. Alikuwa amelishona kwa turubai na vipande vya magunia, mshono mara tatu, na alikuwa ameshachukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi kwa siku tatu.

"Naenda nalo," alisema. "Nataka nione vile wanalifunga. Halafu toka nitoke Rumonge, kwetu kando ya Tanganyika, sijaona maji yenye haina mwisho."

Nilimbebea tanga. Mkoba mdogo uliokuwa na mkasi wake alikataa kabisa niuguse. Hilo nilimwelewa. Mkasi wangu wa nywele haujawahi kukata hata uzi wa kifungo, na mtoto wangu anajua kwamba akiushika kukata karatasi, atahama nyumba.

Jumamosi alfajiri tulimpitia Mwalimu Akiru Lodwar, tukashika barabara ya Kalokol, na saa moja tulikuwa Longech. Upepo ulikuwa umeamka kabla yetu. Ulikuwa ukitoka ziwani ukiwa na mchanga mdomoni, na boti ya Ebenyo, ya mbao, ndefu na nyembamba, ilikuwa ikigongagonga maji kama mtu anayebisha mlango.

"Ejok," Ebenyo alitusalimia.

"Ejok noi," nikajibu. "Nahodha, huu upepo?"

"Huu ni mtoto. Saa sita unalala."

Nilikuwa nimeinama nikilaza tanga ndani ya boti, mgongo umewaelekea wenzangu, Ebenyo alipoleta majaketi ya kuelea, yale ya rangi ya chungwa. Mwalimu alikwenda mbele ya boti na lake. Mama Divine akasimama karibu yangu akiwa ameshika jingine.

"Kaka Ekiru," aliniuliza kwa sauti ya chini, "weye unajua koga?"

Nilishtuka. Kwetu mtu hakuulizi hivyo mpaka hali iwe mbaya. Nilijinusa bega, sikuona tatizo, lakini kinyozi huinamia nyuso za watu siku nzima, na sifa yake ni harufu yake.

"Mimi?" nikasema. "Mama Divine, mimi naoga mara tatu kwa siku."

"Mara tatu?"

"Asubuhi, mchana na jioni. Tangu nikiwa mtoto. Hata nikiwa na homa siachi."

"Lakini Lodwar kuna maji ya hivyo?"

"Mto Turkwel uko kwa ajili gani?"

"Na mamba?"

"Mamba wa Turkwel wananijua kwa jina."

Alinitazama kwa heshima ambayo sijaipata hata siku ya cheti. "Basi hii nivae miye," akasema, akiingiza mkono mmoja polepole. "Mkono huu toka uvunjike haupandi juu ya bega." Kisha akamwambia Ebenyo, "Huyu hana shida. Mara tatu kwa siku, Turkwel."

"Basi ni samaki," Ebenyo akasema, akavuta kamba ya injini.

Mimi nilifurahia sifa. Nilidhani jaketi langu liko chini ya ubao, linangoja.

Saa mbili na nusu, katikati ya maji. Nchi kavu ilikuwa imebaki mstari mwembamba nyuma yetu. Kila wimbi lilitupandisha hadi nikahisi naona paa la kibanda changu Lodwar, kisha likatuangusha. Maji yalituruka usoni. Nilipapasa chini ya ubao. Kulikuwa na jerikeni lililokatwa, jiwe la nanga, na kandambili moja.

"Nahodha," nikaita, "jaketi langu liko wapi?"

"Ziko mbili tu. Ya nini, wewe samaki?"

Nikacheka. Mama Divine alikuwa amefumba macho, anapokea maji usoni kama mtu anayepakwa mafuta. "Kwetu Rumonge," alisema, "mtoto akijua kutembea anajua koga. Miye nilikuwa nakoga mpaka mbali, mama anasimama pwani anapiga kelele, anaona kichwa changu tu."

"Kichwa tu?"

"Si mwili uko chini ya maji? Kwani weye unakoga namna gani?"

Nataka niwaeleze wasomaji wangu vizuri hapo. Nimewahi kufukuzwa na ngamia. Nimewahi kunyoa mtu aliyeamka katikati ya kunyolewa akaniuliza mimi ni nani. Yote hayo ni mchezo. Pale niliketi nikaona neno langu mwenyewe likigeuka, kama mtu uliyemdhani rafiki akigeuza uso ukaona humfahamu. Koga, kwao, ni kuogelea. Na mimi nilikuwa nimemwambia nahodha na fundi kwamba ninaogelea mara tatu kwa siku katikati ya mamba, na kwa maneno hayo nilikuwa nimetoa jaketi langu.

"Kawaida," nikamjibu. "Nakoga kawaida."

Ningeweza kusema pale pale. Lakini kusema kungekuwa kumwambia mama mwenye mkono mbovu avue, na mwalimu wangu alikuwa anasikia. Nikashika ubao kwa mikono miwili. Sikuuachia mpaka kisiwani, na nadhani alama za vidole vyangu bado ziko pale.

Saa nne, Kisiwa cha Kati. Mwalimu alisema ni volkano, na kweli kilikuwa cheusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Tulipanda mlima wa majivu, na juu yake tukaona ziwa jingine ndani ya kisiwa, la kijani, limetulia kama lisilojua kwamba kuna upepo duniani. Pembeni mwake kulikuwa na magogo. Ebenyo akatupa jiwe dogo, na magogo yakaingia majini.

"Ekiru," mwalimu akaniuliza, "ile minazi uliyolala chini yake iko upande gani?"

Nilitazama huku na huku. Kulikuwa na vichaka viwili na kinyesi cha ndege.

"Ilikatwa, mwalimu."

Alihamisha miwani ya kichwani ikaja puani, na ya puani ikaenda kichwani.

Mchana walikula samaki na ugali. Mimi sikuweza kumeza. Nilikuwa nikitazama ziwa kubwa, nikingoja saa sita upepo ulale. Saa sita ikafika. Saa saba ikapita. Upepo haukulala. Mgongo wa maji ulianza kuwa mweupe, na nikamwona Ebenyo akitazama pia, akikuna kipara nilichomnyoa mwenyewe.

"Nahodha, huyu mtoto halali?"

"Leo amekataa," alisema. "Twende sasa. Tukingoja anakuwa mzee."

Saa nane, tukarudi. Tanga likapandishwa, likameza upepo mara moja, na Mama Divine akapiga makofi kwa mkono wake mzima kwenye paja. Mshono haukufunguka hata tundu moja. Tulikwenda kwa kasi ambayo hata teksi za Probox za Kakuma zingetupisha. Mawimbi sasa yalitoka nyuma, makubwa, kila moja likiinua mkia wa boti na kuuachia. Niliomba kwa Kiturkana, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha kidato cha nne, ili nisibaguliwe.

Nyumba za Longech zilianza kuonekana. Ebenyo akashusha injini kutusaidia kuingia ghubani, akaiwasha. Ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikazima. Boti ikasimama kwa mshtuko, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Feni ya injini, ile inayozunguka majini, ilikuwa imenasa kwenye wavu wa wavuvi uliotegwa pale. Ebenyo alijaribu kuinua injini, haikupanda. Wavu ulikuwa umekaza, umefungwa mawe chini. Mbele tanga lilitaka kwenda, nyuma wavu ulikataa, na kila wimbi lililofika liliukuta mkia umeshikwa, likaingia ndani. La kwanza lililowesha viatu. La pili lilifika vifundoni. Mwalimu akachukua jerikeni lililokatwa akaanza kumwaga maji nje bila kuambiwa.

"Mimi nashusha tanga," Ebenyo alipaza sauti akirukia mbele. "Wewe samaki, shuka kata hiyo nyavu."

Mama Divine akanigeukia. "Haya kaka. Ndiyo siku yako."

Wimbi la tatu likaingia. Nikaona kandambili ile ikielea ndani ya boti.

"Mama Divine," nikasema, "mimi naoga na karai."

"Karai?"

"La bluu. Na sabuni. Turkwel huwa nakaa kando, najimwagia. Maji yakinifika magotini naondoka."

Alinitazama kwa muda ambao ulitosha wimbi la nne. "Koga ya mwili mzima hujui?"

"Sijui. Na mwalimu, hiki kisiwa pia sikuwa nimekifikia."

"Hilo nilijua siku ya kusahihisha," Mwalimu Akiru akasema, akimwaga maji. "Alama zilikuwa za lugha. Fanyeni haraka."

Mama Divine alikuwa ameshaanza kufungua jaketi. Nikamwambia asivue, mkono wake utamwangusha boti ikizama. "Miye nabaki ndani," alisema. "Anayeshuka ndiye anavaa. Nyoosha mikono." Alinivisha kama anayempima mteja, akakaza mikanda mpaka nikakosa pumzi, akanifunga kamba kiunoni na ncha yake akaizungusha kwenye ubao. Kisha akafungua mkoba, akatoa mkasi uliofungwa kitambaa. Hapo ndipo mkono wake ulisita.

"Huu ni wa kitambaa," alisema.

"Najua. Nikirudi nitaunoa mwenyewe."

Akaniachia.

Nilishuka nikiwa nimekumbatia injini kama mzazi. Maji yalinifika kifuani, yakanifika mdomoni, yakapita juu. Chini ya miguu hapakuwa na kitu. Watu husema hapana kitu, lakini mimi nilikigusa hicho kisichokuwapo, kwa nyayo zote mbili, na kilikuwa baridi. Jaketi likaninyanyua. Nikapapasa feni, nikapata uzi wa wavu, nikakata. Nikapata mwingine. Niliwaza mamba, na kila uzi ulionigusa mguu ulikuwa na meno. Juu yangu nilimsikia Mama Divine akihesabu kwa Kirundi, nadhani nyuzi, au pumzi zangu. Ulipobaki uzi mmoja mnene, mkasi haukutaka tena. Nikaufunga na kuufungua kama nanyoa nywele za kipilipili, kidogo kidogo, na ukakatika.

Boti iliruka mbele. Kamba ya kiuno ikanivuta nyuma yake kama gunia, mkasi mkononi, mpaka Ebenyo na mwalimu wakanishika jaketi na kunitupa ndani juu ya tanga.

Mchanga wa Longech uligusa boti. Mama Divine ndiye alikuwa wa kwanza kusogea. Alichukua mkasi, akajaribu kukata ncha ya uzi wa tanga. Mkasi ukatafuna uzi, ukauacha mzima.

"Nipe," nikasema.

Wiki moja baadaye, Kakuma. Nilikuwa nimeunoa siku tatu, kwa jiwe lile ninalotumia kwa mkasi wangu mwenyewe, na kwa njia hiyo nimejifunza kitu ambacho mitihani ya jioni haikuniuliza. Siku hizi mtu akiniuliza kama najua jambo, mimi huuliza kwanza kwao jambo hilo ni nini, na nikishajua, ninapunguza. Mteja akiniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi, nataja ile ya kweli na kuongeza miwili tu.

Mama Divine aliujaribu mkasi kwenye kipande cha hariri. Ulipita bila sauti. Akaufunga kitambaa, akaurudisha mkobani, kisha akavuta kitu kutoka chini ya meza ya cherehani. Lilikuwa jaketi la kuelea, la turubai lilelile la tanga, mshono mara tatu, chupa tupu za maji zikiwa zimeshonewa ndani mbele na nyuma.

"Pelekea Ebenyo," alisema. "Sasa ziko tatu. Hakuna mtu ataulizwa tena kama anajua koga."

Nikalivaa. Lilinikaa sawasawa, maana alikuwa amenipima tayari, siku ile.

"Lakini usimpe leo," akaongeza. "Kwanza kaa nalo wiki moja. Uvae kwenye karai."